Kwa Bernie Yurick, Aliyeitikia King'ora cha Kwanza

Mwaka umetimia leo, Bernie, tangu ulipotoka kwa mlango wa jikoni saa tano asubuhi, Jumanne ile ya Machi, na hukurudi.

Binti yetu Denise alitaka tuanze na maneno ya kwenye kadi, yale ya "pengo lisilozibika" na "nuru ya familia". Nikamwambia, baba yako angecheka mpaka akohoe. Kwa hiyo tunakuandikia kama tulivyokuwa tukiongea nawe mezani, na wenye gazeti wakiona ni refu, wapunguze matangazo yao ya matairi. Tuna la kusema. Mwaka mzima mji huu umemlaumu mtu mmoja kwa kifo chako, na hilo tutalifikia.

Ulikuwa mtu mwema, na ulikuwa msumbufu. Hukuweza kupita nyumba ya mjane yeyote hapa Kettle Gap bila kugonga na kuuliza betri ya kengele ya moshi ilibadilishwa lini. Akina mama wa Mtaa wa Juniper wakikuona kwa mbali walikuwa wanaitana: "Haya, fungueni, mzee wa betri huyo!" Ulikuwa nazo mfukoni hata kanisani. Siku ya harusi ya Denise mpiga picha alikuuliza kwa nini koti lako limevimba upande mmoja, ukachomoa betri nne mbele ya wakwe. Denise alilia kwa hasira. Sasa picha hiyo ndiyo ameitundika sebuleni kwake.

Ulipenda kabichi iliyofungwa nyama na wali, lakini ukiipika mwenyewe ulikuwa unaiharibu. Uliimba nyimbo ambazo hukuzijua maneno. Kila paka ulimwita "bwana". Mjukuu wako Colleen bado anawasalimia paka hivyo hivyo, na hajui neno hilo amelitoa wapi.

Miaka thelathini na mmoja ulifanya kazi kiwanda cha viatu, kilipofungwa ukawa mfagiaji wa shule ya msingi mpaka ukastaafu. Lakini hakuna mtu hapa aliyekujua kwa viatu wala kwa ufagio. Ulikuwa mtu wa zimamoto. Ulijiunga na kampuni, ndivyo tunavyokiita kikosi chetu cha zimamoto, ukiwa na miaka kumi na minane, kwa kujitolea, bila malipo, kama baba yako na babu yako. Tulipooana, wanaume arobaini na wawili walipanga mistari miwili mlangoni mwa kanisa wamevaa helmeti zao, na mama yangu, aliyetoka mbali, akauliza kama kanisa linaungua.

Na sisi wake zenu tulijitolea vilevile, maana ile mipira ya maji haikushuka kutoka mbinguni. Kila Alhamisi tulikuwa jikoni mwa ukumbi tunakanda unga na kufunga pierogi za viazi, ziuzwe Ijumaa pamoja na samaki. Kila kitu kwenye kituo kile kilitoka kwenye vidole vyetu: makoti, ngazi, hata ile mashine ya kushtua moyo iliyotundikwa ukutani kwenye sanduku jekundu. Wewe ulikuwa unapita jikoni unaiba pierogi mbichi. Dolores Hauser alikuchapa mkono kwa mwiko, ukasema, "Napima ubora, mama."

Kile king'ora cha juu ya paa la kituo ndicho kilikuwa mke wako wa kwanza. Nilikuambia hivyo mara nyingi. Siku ya ubatizo wa kijana wetu Keith, kililia padri akiwa ndiyo kwanza amemwaga maji. Ukamkabidhi padri mtoto ukatoka mbio, na wanaume kumi na mmoja nyuma yako. Padri akabaki amembeba Keith anayelia, akatutazama, akasema, "Haya, akina mama, tuendelee tuliobaki."

Ulimtoa ng'ombe wa Stoltz kwenye shimo la samadi, ukanuka wiki nzima. Moto wa bomba la moshi la mzee Hauser uliuzima kila Novemba. Kila Novemba ulimwambia, "Mzee, safisha hili dude," naye akakujibu, "Nikilisafisha utakuja lini kunitembelea?" Na ile ajali ya darajani. Ulirudi ukanawa mikono kwa sabuni ya vyombo mara tatu, ukakaa kwenye ngazi za nyuma na buti zako. Ukaniambia, "Usiniulize." Sikukuuliza, na mpaka leo sijui ulichokiona.

Denise alisema niandike "sisi" mpaka mwisho, kwa kuwa tangazo ni la familia. Nimejaribu, Bernie. Kuanzia hapa siwezi. Yanayofuata ni yangu mimi, Arlene, mkeo, na watoto hawana hatia ndani yake.

Wewe unajua mambo yalivyokuwa, lakini wapo wanaosoma wasiojua. Kazi zilikwisha hapa. Vijana wakaenda kwenye maghala ya barabara kuu, mwendo wa saa mbili, wanaondoka alfajiri na kurudi hoi. Mchana, katika kampuni nzima, mkabaki wawili: wewe, na Stan Gavula kinyozi, mwenye miaka sabini na minne na magoti yaliyokwisha. Duka lake liko nyuma tu ya kituo, ng'ambo ya kichochoro.

Mlikubaliana jikoni kwangu, nikiwapikia mayai. "Stan," ulimwambia, "king'ora cha kwanza ni changu. Usinikimbilie na hayo magoti ukaanguka, nikawa na majeruhi wawili. Ukisikia cha pili, hapo njoo."

"Nikisikia cha pili," Stan akasema, "nakuja hata kama nimemnyoa mtu nusu kichwa."

"Na kwa unyoaji wako, nani atajua tofauti?"

"Mwone huyu! Na hicho kipara nani alikuwa anakinyoa?"

Mlicheka nyie, mkanimalizia mkate.

Utaratibu ulikuwa hivi. King'ora kikilia mara ya kwanza, anayekwenda kuendesha gari anaitika kwenye redio ya upepo, anawaambia watu wa kaunti, wale wanaopokea simu za dharura, kwamba gari letu, Arobaini na Moja, linaondoka. Dakika tatu zikipita kimya, kaunti wanapiga king'ora cha pili, na papo hapo wanaiita kampuni ya Lower Dunmire kutoka ng'ambo ya mlima. Hata gari likishaitika, likiulizwa lisijibu, wanapiga cha pili vilevile. Cha pili maana yake hakuna aliyejitokeza, na kila mwenye miguu aende kituoni akaone kuna nini.

Kisha baraza la mji likaanza kutuhesabia. Ving'ora vya pili vitano ndani ya miezi mitatu, gari linachukuliwa, kampuni inafungwa. Machi ile tulikuwa tumeshafikisha vinne.

Hapo ndipo tulipoanza mchezo wetu. Ulikuwa na miaka sitini na minane, na kutoka bustanini mpaka kituoni dakika tatu zilikuwa hazikutoshi tena. Redio ya akiba ilikaa juu ya friji. Mara ya kwanza ulipiga kelele kutoka uani, "Arlene! Nisemee!" Nikaikamata, nikakaza sauti, nikasema, "Arobaini na Moja, tunaondoka." Wewe ulikuwa bado unatafuta soksi. Binti wa kaunti akaguna, kisha akasema, "Nimepokea, Arobaini na Moja." Najua alijua. Uliporudi ulicheka mpaka ukashika ukuta. "Heshima yako, chifu," ukasema, ukanipigia saluti na masizi yako.

Baada ya hapo haukuwa mzaha tena. "Nisemee," unatoka. Nakusemea. Dakika tano baadaye naona gari linapita dirishani, unapiga honi mara moja, naendelea na vyombo vyangu. Sijui ilikuwa mara ngapi. Mji mzima uliamini kwamba Bernie Yurick, na umri wake, anafika kituoni kwa dakika moja na nusu. Wenzako walikusifu, nawe ulinikonyeza.

Asubuhi ile ulikuwa unalalamikia bega. Nilikusugua dawa. Nilikuambia twende kwa daktari, ukasema ni koleo la theluji limekuonea. Saa tano king'ora kikalia, na peja yako, kile kidude cha kupokea miito ya kaunti, ikasema ni kengele ya moto kwenye ghala la zamani la viatu. Ile ile inayojilia yenyewe kila mvuke ukipita.

"Usiende," nikakuambia. "Unajua si kitu."

"Na kama ni kitu?"

"Basi aende mwingine."

"Nani, Arlene? Nitajie mmoja."

Ukavaa kofia, ukafungua mlango. "Nisemee," ukasema.

Hilo ndilo lilikuwa neno lako la mwisho kwangu. Watu wameniuliza mwaka mzima, nami nimewaambia ulisema, "Narudi sasa hivi."

Nilikusemea. Mikono yangu ilikuwa imejaa nyama na wali, nikabonyeza redio kwa kifundo cha kidole. "Arobaini na Moja, tunaondoka." Nikaendelea kufunga kabichi.

Gari halikupita dirishani. Niliona kwamba halikupita. Nataka hili niliandike vizuri, asije mtu akanitetea: niliona. Nilidhani unamsubiri mtu, au gari limegoma kuwaka tena. Zikapita dakika kama sita, binti wa kaunti akauliza, "Arobaini na Moja, mmefika wapi?" Kimya. Akauliza tena. Nikajisemea, huyu mzee ameisahau redio yake kwenye kiti, sasa tutaandikiwa cha tano kwa uzembe wake. Nikabonyeza. "Tuko njiani."

Baadaye mlinzi wa ghala akawapigia simu mwenyewe kwamba hakuna moto, ni mvuke. Kaunti wakasema, "Arobaini na Moja, rudini, hakuna haja." Nikasema, "Nimepokea." Hiyo ilikuwa mara ya tatu.

Nikainjika sufuria. Nikaandaa sahani mbili. Nikaanza kukukasirikia, maana nilijua umesimama mahali unapiga soga na chakula kinapoa. Ilipofika saa sita kasorobo nikavaa koti nikakufuata, na maneno ya kukusema nimeshayapanga njiani.

Mlango wa kituo ulikuwa wazi na gari lilikuwepo, taa zake zinazunguka. Wewe ulikuwa sakafuni mbele ya kabati lako, mguu mmoja ndani ya buti, wa pili na soksi. Sanduku jekundu lilikuwa ukutani, hatua nne kutoka kichwani pako. Redio yako ilikuwa kiunoni, imewashwa. Kama ulikuwa bado unasikia, Bernie, basi ulinisikia nikisema tuko njiani. Hilo ndilo siwezi kulala nalo.

Daktari wa hospitali, kijana mpole, aliniambia moyo wako haukusimama papo hapo. Alisema mtu angefika na mashine ile ndani ya dakika kumi, kungekuwa na la kufanya. Aliyekuwa amefundishwa kuitumia ni Stan. Angefika kwa dakika mbili, na magoti yake hayo hayo.

Ningenyamaza tu! Ningenyamaza mara moja, ile ya katikati, king'ora cha pili kingelia na Stan angetoka na wembe mkononi. Sikuhitaji hata kufikiria. Nilihitaji kufunga mdomo wangu, jambo ambalo miaka arobaini na sita ulikuwa unaniomba nilifanye.

Hakuna aliyeniuliza kitu. Watu walidhani uliitika mwenyewe kabla ya kuanguka. Binti wa kaunti aliacha kazi mwezi ule ule, na hakuna aliyeomba kusikiliza sauti zilizorekodiwa. Likabaki swali moja tu mjini: Stan alikuwa wapi?

Siku ya mazishi tulikula ukumbini. Stan alikaa peke yake mwisho wa meza na kikombe cha kahawa. Keith akamwendea. Unajua alivyokuwa akimwita Anko Stan tangu alipojua kusema, na maisha yake yote alinyolewa na mkono ule.

"Uko ng'ambo ya kichochoro," Keith akamwambia. "Hatua thelathini. Ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa namnyoa mtu," Stan akasema. "Nilikuwa nangoja cha pili, mwanangu. Hakikulia."

"Unangoja! Ulitaka uletewe kadi ya mwaliko?"

"Baba yako ndiye aliyeni..."

"Usimtaje baba yangu. Wewe mzee, usimtaje kabisa."

Mimi nilikuwa nimesimama na sinia la sandwichi. Ningeweza kusema pale pale, watu wote wapo, padri yupo. Nikazunguka na sinia. Nikamuuliza Dolores Hauser kama atapenda haradali.

Stan alirudisha peja na koti lake wiki iliyofuata. Wateja wake wakapungua. Hakuna aliyetamka sababu, ila wakaanza kuonekana watu wamenyolewa Lower Dunmire, vibaya kabisa. Majira ya baridi yalipoingia nikaamka nikakuta ngazi zangu zimeondolewa theluji. Kesho yake tena. Alikuwa ni Stan, anakuja kabla hakujapambazuka ili nisimwone. Nilimwona. Nilisimama nyuma ya pazia nikamwangalia anashuka ngazi kwa makalio, ngazi moja moja, nami nikamwacha. Baridi yote ile, Bernie, nilimwacha. Siku moja nilimpelekea keki ya mbegu za popi dukani, akakataa kuipokea. "Sistahili, shemeji," akasema. Nikamjibu, "Aa, Stan, usiseme hivyo." Nikarudi na keki yangu nikaila mwenyewe.

Na kile tulichokuwa tunakilinda kwa uongo wetu nacho kimekwenda. Oktoba baraza lilipiga kura, gari likachukuliwa. Kijana wa Lower Dunmire aliliendesha likapita hapa dirishani, kimya. Sasa ukipiga simu unangoja dakika ishirini na tano. Januari nyumba ya akina Kuzma iliungua saa tisa mchana, jua limewaka, hakuna upepo, nasi tumesimama barabarani na ndoo tunaitazama ikiisha. Kila mtu alitoka salama. Lakini Helen Kuzma alinigeukia na blanketi lake mabegani akaniambia, "Bernie angekuwa hapa."

Kaunti huhifadhi sauti za redio kwa miezi kadhaa, kisha wanazifuta. Nilipiga simu kwa ujanja, nikajifanya nataka kusikia sauti yako mara ya mwisho. Mtu wa watu akanipa pole, akaniambia zimeshafutwa. Kwa hiyo ningeweza kwenda nalo kaburini, na pale kwenye jiwe lako jina langu limeshachongwa, bado tarehe tu.

Asinisifu mtu kwa ujasiri, sina. Wiki mbili zilizopita Stan aliteleza kwenye ngazi zangu. Nilisikia kishindo nikatoka na kanzu ya kulalia. Alikuwa amekaa kwenye theluji, hawezi kuinuka, koleo limemwangukia miguuni. Nilipomshika kwapa kumnyanyua, akaniangalia akaniomba radhi. Si kwa kuanguka. "Kwa ajili ya Bernie," akasema. "Sijawahi kukuomba radhi kwa mdomo." Aliniomba radhi mimi.

Jumapili iliyopita niliwaambia watoto, mezani, baada ya kuombea chakula na kabla hawajala sana. Denise alilia. Alinishika mkono akasema, "Mama, si Baba ndiye aliyekuambia umsemee?" Ni kweli, ulisema, na kuna siku nakukasirikia kwa neno lile. Lakini uliniomba nikusemee mara moja.

Keith hakulia. Aliweka uma chini.

"Mara ngapi?"

"Mara tatu."

"Hata walipouliza mmefika wapi?"

"Hata hapo."

Akainuka, akaosha sahani yake, akaipangusa, akairudisha kabatini. Alikuwa anafanya mambo polepole mno. Alipofika mlangoni akasema, "Nilimtukana yule mzee mbele ya watu wote, Mama. Na wewe ulikuwa umesimama hapo na sinia." Kisha akaondoka. Watoto wake walikuwa bado wanakula, mama yao akawavalisha makoti akamfuata.

Jumatatu nikaenda kwa Stan. Nilimkuta amekaa kwenye kiti cha wateja, duka tupu. Nilimwambia yote nikiwa wima. Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akainua mikono, akatoa masikioni vile vidude vya kusaidia kusikia, kimoja kimoja, akaviweka kwenye rafu katikati ya vitana.

"Niliviagiza kwa posta mwezi wa Mei," akasema. "Nilijua lazima kililia. Nikasema ni masikio yangu, yameniangusha."

"Hakikulia, Stan."

"Kwa hiyo masikio yangu ni mazima."

"Ni mazima, shemeji."

Akatikisa kichwa, muda mrefu. Nilingoja anitukane. Ningeshukuru. Hakunitukana, na hakusema kwamba amenisamehe. Aligeuza kile kiti akatazama ukuta. "Nenda nyumbani, Arlene," akasema. Tangu siku uliponileta mji huu ameniita shemeji. Jana na leo theluji imelala kwenye ngazi, nami nimeiacha ilivyo.

Basi ninyi mnaosoma hili mkinywa kahawa zenu, mnisikie. Stan Gavula hakukosa kitu. Alifanya alivyoagizwa na Bernie, na alikuwa tayari. Aliyekinyamazisha king'ora cha pili ni mimi. Mkiwa na la kusema, mlango wangu mnaujua. Na mrudi kwake mkanyolewe, maana mnatisha.

Wewe, Bernie, siwezi kukuomba radhi kwenye gazeti, nawe huwezi kunijibu. Wananiambia muda utaponya. Mwaka huu haukuponya hata kidogo. Naamka, na jambo la kwanza ninalolisikia kichwani ni sauti yangu mwenyewe nimeikaza, ikisema tuko njiani, na hakuna mtu aliyekuwa njiani. Nakukumbuka kuliko ninavyoweza kuandika, na sijui nifanye nini na hizi siku zilizobaki.

Misa ya kukuombea itakuwa Jumamosi saa nne asubuhi, kanisa la Mtakatifu Kazimiri. Hakutakuwa na chakula baadaye, kwa kuwa ukumbi umefungwa.

Wanaokukumbuka ni mimi mkeo Arlene; binti yako Denise na mumewe Paul; wajukuu zako Colleen na Garrett; dada yako Theresa aliyeko Ohio; na akina mama wote wa jikoni mwa ukumbi, hata wale ambao baada ya leo hawatataka kusimama karibu nami.

Keith alipiga simu jana jioni. Nilipoona jina lake niliikimbilia simu. Alisema nisiliweke jina lake kwenye karatasi moja na langu, wala majina ya watoto wake, watakukumbuka kwao. Nikamwambia sawa, mwanangu. Akakata.

Kukusahau hatutaweza, Bernie, sisi tulioandikwa hapa na wao wasioandikwa.